Malkia Ranavalona wa Bukini

Kisiwa kile kikubwa kilicho baharini mashariki ya Msumbiji, ambacho katika ramani huitwa Madagaska, wazee wa pwani yetu walikiita Bukini, na wenyeji wake Wabukini. Majahazi ya Waswahili yalikuwa yakienda bandari zake za kaskazini-magharibi tangu kale. Lakini katikati ya kisiwa, juu ya milima, ulikuwapo ufalme wa Wamerina, ambao mji wake mkuu ni Antananarivo, mwendo wa siku nyingi kwa miguu kutoka pwani, kwa njia ya msitu mzito wenye homa. Ufalme huo ndio ulioshika sehemu kubwa ya kisiwa katika karne ya 19, na kwa muda wa miaka 33, tangu 1828 hata 1861, ulitawaliwa na mwanamke mmoja aliyewafungia wageni mlango, akawaziba na watu wake mwenyewe vinywa. Jina lake Ranavalona wa Kwanza.

Khabari zake nyingi tumezipokea kwa watu aliowafukuza: wamisionari wa Kiingereza, wafanya biashara wa Kifaransa, na bibi mmoja msafiri wa nchi ya Austria. Mgeni aliyefukuzwa hasimulii mema ya mwenye nyumba. Basi imetupasa kusoma maneno yao kwa hadhari. Hata hivyo alikuwako shahidi mwingine, naye alikaa ndani ya jumba la malkia, wala yeye mwenyewe malkia hakujua kama anashuhudiwa. Huyo tutamtaja mahali pake.

Malkia huyu alizaliwa kabla ya mwaka 1790, na jina lake la utoto lilikuwa Ramavo. Hakuzaliwa mtoto wa mfalme. Siku zile mfalme mkubwa Andrianampoinimerina alikuwa akiziunganisha nchi za Wamerina chini ya mkono mmoja, na jamaa zake wengine walifanya shauri la kumwua. Baba yake Ramavo akapata khabari ya shauri lile, akaenda akamwonya mfalme, na waliolifanya wakauawa wao. Kwa shukrani mfalme akamtwaa yule binti kuwa mwanawe, akamposea mwanawe wa kuzaa, Radama, tena akaagiza ya kuwa mtoto atakayezaliwa na hao wawili ndiye atakayekuwa wa kwanza katika urithi. Lakini mtoto hakuzaliwa. Radama alipotawala mwaka 1810 alikuwa na wake wengi, na Ramavo hakuwa kipenzi chake. Alikaa katika jumba la enzi miaka 18 akitazama na kusikiliza, na baadhi ya jamaa zake wakauawa kwa amri ya mumewe. Mtu asipokumbuka jambo hilo hataelewa yaliyofuata.

Radama alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya. Mwaka 1817 alifanya mkataba na Waingereza waliotawala kisiwa cha Morisi: yeye akomeshe kuuza watumwa ng'ambo, nao wampe bunduki, baruti, fedha, na walimu wa kufundisha askari wake. Mwaka uliofuata wakaja wamisionari wawili wa Chama cha Misioni cha London, David Jones na Thomas Bevan, watu wa Wales. Walishukia bandari ya Tamatave, ambayo sasa huitwa Toamasina, na wake zao na watoto wao, na kabla ya miezi michache kupita homa ilikuwa imewaua wote ila Jones peke yake. Huyo Jones, baada ya kwenda Morisi kuponya mwili wake, akapanda mpaka Antananarivo mwaka 1820, akafungua shule mwezi wa Desemba na watoto watatu. Mmoja wa wanafunzi wa kwanza alikuwa Rakotobe, mpwa wa mfalme, mtoto aliyetazamiwa kurithi ufalme.

Mpaka hapo Wamerina hawakuwa na maandiko, isipokuwa waganga wachache waliotoka pwani ya kusini-mashariki, waliojua kuandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1823 Radama akaamuru lugha iandikwe kwa herufi za Kirumi. Ikaletwa mitambo ya kupiga chapa, shule zikaenea vijijini, na maelfu ya watoto wakajua kusoma. Wengi wao mfalme aliwatia katika jeshi na katika kazi za serikali, maana aliona upesi faida ya kuwa na majemadari wanaoweza kumwandikia barua kutoka mbali. Dini ya wageni haikumshughulisha sana. Alichotaka ni ufundi wao.

Radama akafa tarehe 27 Julai 1828, naye hajafikia miaka 40. Kifo chake kilifichwa kwa siku chache. Rakotobe ndiye aliyekuwa na haki ya kurithi, lakini Ramavo alikwisha kupata khabari mapema, akawaita majemadari aliowaamini, na wazee walioshika hirizi kuu za ufalme, na waamuzi. Hata watu wengine walipojua kwamba mfalme amekufa, jumba la enzi lilikuwa limezungukwa na askari, na Ramavo ameitwa Ranavalona. Kisha ikaja zamu ya jamaa za Radama. Rakotobe akauawa, na baba yake, na mama yake. Mama yake Radama naye akaangamia. Kwa kuwa damu ya wafalme hairuhusiwi kumwagika, baadhi yao walinyimwa chakula mpaka wakafa. Tusidhani kwamba alibuni jambo hilo yeye. Desturi ya kuwamaliza washindani ilikuwako kabla yake, na Rakotobe, kama angalitawala, huenda asingalimwacha hai mjane ambaye mtoto wake angekuwa na haki kuliko yeye. Ila yeye aliifuata desturi ile mpaka mwisho wake.

Mmoja aliponyoka. Ramanetaka, binamu yake Radama, liwali wa pwani ya kaskazini-magharibi, alisikia kwamba wauaji wako njiani, akapakia mali na askari wake katika majahazi akakimbilia Komoro. Huko akasilimu, akawa sultani wa Mwali, na binti yake Jumbe Fatima alitawala kisiwa kile miaka mingi baada yake.

Malkia alitawazwa tarehe 12 Juni 1829 mbele ya makutano makubwa. Mwaka huo huo alimfukuza wakili wa Kiingereza, akaukana mkataba ule wa 1817. Tena mwaka huo huo manowari za Kifaransa zikapiga Tamatave, zikapiga na Foulpointe, na huko Foulpointe Wafaransa walioshuka pwani wakarudishwa majini. Ndipo malkia akathibitika katika mawazo yake. Kwake yeye mgeni alikuwa wa namna mbili, yule ajaye na mizinga na yule ajaye na maneno matamu kabla ya mizinga. Walinzi wake wakubwa walikuwa homa na msitu. Kwa hiyo hakutaka kujenga barabara yoyote ifaayo magari kutoka pwani mpaka mji mkuu, wala hazikujengwa siku zake zote.

Lakini mtu asifikiri ya kuwa alichukia kila kitu cha Wazungu. Husimuliwa kwamba katika miaka ya mwanzo aliwatuma wakubwa wake kwa wamisionari kuwauliza kama wanaweza kufundisha kazi ya mkono yenye kufaa, kwa mfano kufanya sabuni kwa vitu vilivyomo nchini. Yule fundi wa misioni, James Cameron, akaomba siku chache, na juma lilipopita akapeleka vipande vya sabuni vilivyotengenezwa kwa mafuta na majivu ya nchi. Kwa ajili ya sabuni hiyo misioni ikaachwa ikae miaka mingine. Mwezi wa Mei 1831 malkia hata aliwapa watu wake ruhusa ya kubatizwa, na wengine wakabatizwa. Kabla ya mwaka kwisha alianza kuirudisha ruhusa ile. Kisha akakataza watumwa wasifundishwe kusoma. Na mwaka 1834 akakataza mtu yeyote asijifunze kusoma wala kuandika ila katika shule za serikali.

Hapo ndipo moyo wa mambo yake unapoonekana. Alizitaka herufi, maana bila herufi asingeweza kuwaamuru maliwali wake walio mbali. Ila alitaka herufi zimtumikie yeye tu. Enzi yake ilitegemea baraka ya wazee waliokufa, wafalme wa kale waliolala Ambohimanga na Antananarivo, na kila mtu mkubwa kwa mdogo aliapishwa kwa majina yao. Sasa wakatokea watu waliokutana usiku, mtumwa na bwana wake wakiketi pamoja, wakasoma kitabu kimoja, wakamwita mwingine Bwana na Mfalme. Wakubwa wa baraza walimwambia malkia kwamba huyo Yesu Kristo ni mzimu wa Wazungu, na anayemwomba mzimu wa Wazungu amekwisha kuwapa Wazungu nchi. Mtu atasema walikosea. Lakini tukikumbuka yaliyoipata Afrika yote kabla ya karne ile kwisha, hofu yao haikuwa ya kipumbavu. Ubaya ulikuwa katika dawa waliyoitumia.

Tarehe 1 Machi 1835 mizinga ililia tangu alfajiri, na watu wa nchi wakakusanywa uwanjani kusikia neno la malkia. Dini ya Kikristo ikakatazwa kwa kila Mbukini: asibatizwe mtu, asikutane na wengine kwa kuomba, asiishike Jumapili. Waliokwisha kufanya hayo wakapewa muda mfupi waje kujishtaki wenyewe. Wengi walijishtaki, maofisa wakashushwa vyeo, wengine wakatozwa mali. Wageni wakaruhusiwa kufuata dini yao wenyewe, wasiifundishe tu. Wakati huo Biblia yote ilikuwa haijamalizika kupigwa chapa katika lugha ya Kibukini. Mafundi wenyeji hawakuthubutu tena kuingia katika nyumba ya mitambo. Basi Baker mpiga chapa na mwenziwe walipanga herufi na kuvuta mitambo kwa mikono yao, na katika mwezi wa Juni kazi ikaisha. Wamisionari wengi waliondoka mwaka huo, na wa mwisho, Baker na Johns, mwezi wa Julai 1836. Kabla ya kwenda waliwapa Wakristo vitabu vilivyobaki, na Biblia kama 70 zikafukiwa ardhini.

Mwaka uliofuata damu ikamwagika. Rasalama, mwanamke kijana, alikamatwa pamoja na wengine, akafungwa minyororo kwa namna ya kuumiza viungo, naye akaimba nyimbo za dini katika kifungo. Tarehe 14 Agosti 1837 alipelekwa Ambohipotsy, kwenye ukingo wa kusini wa mji. Njia ilipita karibu na nyumba ya ibada alimobatizwa. Akaomba nafasi ya kusali, akapiga magoti, na wauaji wakamchoma kwa mikuki. Kijana mmoja, Rafaralahy, alimsindikiza mpaka pale. Mwaka wa pili naye akauawa mahali pale pale. Wengine walikimbilia misituni na katika mapango, wakahama usiku kwa usiku miaka mingi. Mwanamke jina lake Rafaravavy alifichwa na rafiki kutoka nyumba hata nyumba mpaka pwani, akavuka kwenda Morisi, akafika Uingereza, na baadaye akarudi Morisi kuwatumikia Wabukini wenzake waliokuwako huko, akafa mwaka 1848.

Mateso makubwa kuliko yote yalikuwa mwaka 1849. Tarehe 28 Machi watu 18 walihukumiwa kufa. Wanne walikuwa wa ukoo wa enzi, ambao damu yao haimwagwi, basi wakachomwa moto juu ya kilima cha Faravohitra. Kumi na wanne walitupwa kutoka jabali la Ampamarinana, lililo chini kidogo ya jumba la enzi.  Kati ya wafungwa alikuwamo msichana Ranivo, na malkia alitaka kumponya. Husimuliwa kwamba aliwekwa mahali aone wenziwe wanavyotupwa, akaulizwa kama atakana, naye akakataa, hata mkubwa mmoja akasema amerukwa na akili, akapelekwa mbali na mji akapona. Watu karibu 1,900 wakaadhibiwa kwa njia nyingine mwaka ule, kwa kutozwa mali, kufungwa minyororo, kupigwa, au kutiwa utumwani.

Sisi tulio Wakristo huwakumbuka hao kwanza, na ni haki. Walakini yafaa kusema wazi ya kwamba Wakristo walikuwa sehemu ndogo tu ya waliokufa katika siku za Ranavalona. Jambo lililowaua watu wengi zaidi ni kiapo cha tangena, ambacho wasomaji wa kusini watakielewa upesi wakikumbuka mwavi wa zamani. Aliyeshtakiwa kwa uchawi, wizi au hila juu ya malkia alilishwa vipande vitatu vya ngozi ya kuku, kisha akanyweshwa sumu ya kokwa la tangena. Akitapika vipande vyote vitatu, hana hatia. Kikikosekana kimoja, ni mchawi, naye huuawa kama sumu yenyewe haijamwua. Jamaa yake hupoteza mali zao. Wakati mwingine kijiji kizima kilinyweshwa. Wataalamu wa historia hubishana juu ya hesabu, lakini hakuna abishaye kwamba waliokufa ni maelfu mengi.

Kadhalika shokoa. Watu huru wa Imerina walidaiwa kazi bila ujira: kubeba mizigo, kukata miti, kujenga, kupigana. Askari hakuwa na mshahara, akaishi kwa kuteka nyara. Karibu kila mwaka jeshi lilishuka kusini na mashariki kuadhibu makabila yaliyokataa kutii. Wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakafungwa kamba wakapelekwa Imerina kuwa watumwa. Askari wenyewe walikufa kwa njaa na homa kuliko kwa silaha. Mwaka 1845 malkia alitaka kwenda kuwinda nyati, akaenda na makutano ya watu, wakubwa na watumwa wao, wapatao 50,000 kama isemwavyo, na mbele yao ilipasuliwa njia mpya msituni kwa mikono. Safari ile ilichukua miezi minne, na waliokufa njiani kwa njaa na uchovu walihesabiwa kuwa maelfu. Baada ya kumaliza, njia ile haikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Katika shokoa hiyo ndimo ulimozaliwa ufundi wa Laborde. Jean Laborde alikuwa Mfaransa ambaye chombo chake kilivunjika pwani mwaka 1831. Malkia alipojua ana akili ya kutengeneza vitu, alimpa mahali Mantasoa, mashariki ya mji mkuu, pamoja na maelfu ya watu wa kazi. Wakafanya huko mizinga, bunduki, baruti, vioo, vyombo vya udongo, sabuni na karatasi, bila msaada wa nchi za nje. Ndiye tena aliyemjengea malkia jumba kubwa la mbao juu ya kilima cha Antananarivo, kati ya 1839 na 1841. Kwa hiyo yule aliyewafukuza Wazungu alimweka Mzungu mmoja karibu naye, maana huyo alimpa mizinga bila kumletea bendera.

Wala hakukata kabisa maneno na mataifa. Mwaka 1836 alituma wajumbe sita Ulaya, na mfalme William wa Nne wa Uingereza akawakaribisha. Sayyid Said wa Unguja naye, mnamo mwaka 1833, alipokuwa akipigana na Wamazrui wa Mombasa, alipeleka barua kumposa malkia huyu na kumwomba askari. Jibu lilikuja kwa adabu: sheria ya nchi haimruhusu malkia kuolewa, lakini yuko binti wa kifalme anayeweza kupatikana, na kwa habari ya askari, Sayyid atapata kadiri apendayo. Pamoja na hayo malkia akaagiza mkufu wa marijani wa thamani kubwa. Ndoa haikufanyika.

Mwaka 1845 aliamuru wafanya biashara wa Kizungu katika bandari wawe chini ya sheria za nchi, pamoja na shokoa na tangena, au waondoke. Wakakataa. Tarehe 15 Juni manowari mbili za Kifaransa na moja ya Kiingereza zikaja Tamatave, zikapiga mji, zikashusha watu wa kuiteka ngome, nao wakashindwa, wakaacha maiti nyuma. Vichwa vya maiti hao vikatiwa juu ya miti pwani, ili kila chombo kipitacho kivione. Biashara ya mchele na ng'ombe ikafungwa miaka minane, na watu wa Morisi na Réunion wakakosa nyama. Hata mwaka 1853 wafanya biashara wa Morisi wakalipa reale 15,000, ndipo bandari zikafunguliwa.

Malkia alikuwa na mtoto mmoja, Rakoto, aliyezaliwa mwezi wa Septemba 1829, miezi kumi na minne baada ya kufa kwake Radama. Hata hivyo iliamriwa ahesabiwe kuwa mwana wa Radama, na hakuna aliyesema neno. Mama alimpenda mtoto huyu kuliko kitu chochote. Naye Rakoto alikua mtu mpole, akachukia damu, akawaficha Wakristo, akawafungua wafungwa kwa siri na kuwaonya waliotafutwa. Kila mtu mjini alijua. Wakubwa walipomshtaki kwa mama yake, malkia hakutaka kusikia. Mwaka 1857 Wafaransa Lambert na Laborde wakafanya shauri la kumwondoa malkia na kumtawaza Rakoto, na shauri likafunuliwa. Mtoto hakuguswa. Wazungu wakafukuzwa, pamoja na yule bibi wa Austria, Ida Pfeiffer, aliyekuwa mgeni wao, na askari waliowasindikiza wakaambiwa wasifanye haraka. Safari ya siku nane wakaitembea siku 53 katika mabonde ya homa. Bibi Pfeiffer akafika kwao Vienna mgonjwa, akafa mwaka 1858. Wakristo wenyeji ndio waliolipa zaidi: wengine wakapigwa mawe mpaka kufa katika mwezi ule ule wa Julai 1857.

Ranavalona alikufa kitandani pake katika mwezi wa Agosti 1861, mzee wa miaka zaidi ya 70, na ufalme wake haujawa chini ya taifa lolote. Kwa hilo wako Wabukini wanaomheshimu hata leo. Katika mazishi yake pipa la baruti likashika moto, likaua watu na kuteketeza nyumba za kifalme zilizokuwa karibu. Akazikwa Ambohimanga. Rakoto akatawala kwa jina la Radama wa Pili, akafungua milango yote kwa siku moja, akawafungua wafungwa, akakataza tangena. Wakristo wakatoka misituni. Wamisionari waliwaacha mamia, wakarudi wakakuta maelfu, nao wanasoma Biblia zilizoshonwa upya mara nyingi na kurasa zilizonakiliwa kwa mkono. Lakini Radama huyu alifungua ovyo kama mama yake alivyofunga ovyo, akawapa wageni haki za nchi kwa barua moja, hata wakubwa wakamnyonga mwezi wa Mei 1863. Mwaka 1869 malkia mwingine, Ranavalona wa Pili, akabatizwa pamoja na mumewe Rainilaiarivony, waziri mkuu, mwana wa yule Rainiharo aliyekuwa mume na waziri wa Ranavalona wa Kwanza. Walutheri wa Norwei walikwisha kuingia kisiwani mwaka 1866, na Kanisa lililotokana na kazi yao ni mojawapo ya makanisa makubwa ya Kilutheri katika Afrika. Wafaransa waliuteka mji mkuu mwaka 1895, na mwaka 1897 wakaihamisha mifupa ya malkia kutoka Ambohimanga.

Sasa yule shahidi. Mwaka 1820 Radama alikuwa amepeleka vijana Uingereza wakasome, na kati yao walikuwamo ndugu wawili pacha, Raombana na Rahaniraka. Walirudi mwaka 1829, wakamkuta Ranavalona juu ya kiti, naye akawafanya waandishi wake, kwa kuwa alihitaji watu wa kusoma na kujibu barua za mataifa. Raombana alikaa karibu naye zaidi ya miaka 20. Mchana aliandika aliyoamriwa. Lakini kwa siri aliandika historia ya nchi yake, maelfu ya kurasa: vita vya kusini, hesabu ya wafu, njaa ya askari, kiapo cha tangena, na tabia ya malkia na ya wakubwa wake, bila kuwahurumia. Aliyaandika yote kwa Kiingereza, maana katika jumba lile lote hakuna aliyeweza kukisoma barabara ila ndugu yake. Alikufa mwaka 1855, malkia angali juu ya kiti cha enzi. Karatasi zikabaki kwa jamaa zake, zikapita utawala wa wafalme, na utawala wa Wafaransa, na sehemu ya kwanza ikatolewa kuwa kitabu huko Fianarantsoa mwaka 1980.